Mzuka Una Jina

Ukitaka kuchekwa na vijana wenzako, waambie kwamba umejifunza utunzi kutoka kwenye gemu ya watoto. Mimi nimeshachekwa sana, kwa hiyo sina cha kupoteza. Hapa Kakonko ukisema gemu watu wanaelewa mpira: vijana wamebanana mbele ya runinga, wanalipia dakika zao, wanabishana, wanaondoka. Gemu yangu mimi ilikaa kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, ndani ya programu inayoifanya simu ijifanye mashine ya zamani iitwayo Game Boy. Inaitwa Pokémon Red.

Kwa asiyeifahamu nieleze kidogo. Pokémon ilianza kuuzwa Japani tarehe 27 Februari 1996. Aliyeibuni, Satoshi Tajiri, utotoni alikuwa mtu wa kukamata wadudu, na akakua akiona mashamba na madimbwi ya kwao yakigeuzwa majumba. Basi akatengeneza mchezo wa kukamata. Unazunguka nchi ukitafuta viumbe wa ajabu, aina 151, kila aina na jina lake na tabia zake. Ukimkuta kiumbe kichakani unapigana naye mpaka anachoka, unamrushia mpira, anaingia, anakuwa wako. Damu hakuna. Akishindwa anazimia tu, unampeleka kutibiwa, na matibabu ni bure. Bure, jamani!

Unacheza hivyo kwa saa nyingi, raha mustarehe, mpaka unafika mji uitwao Lavender Town. Muziki unabadilika, unakuwa kama wa nyumba iliyohamwa. Mjini humo kuna mnara mrefu, na mnara huo, kumbe, ni makaburi. Mpaka hapo hukuwahi kufikiri kwamba viumbe hawa wanakufa. Humo ndani watu wazima wamesimama mbele ya mawe ya makaburi, wanawalilia viumbe wao.

Ukipanda juu unakutana na mzuka. Hauna umbo, hauna jina, umeandikwa mzuka basi. Kiumbe uliyemlea kwa jasho anaogopa, hawezi hata kuinua mkono. Ukiurushia mpira, unaukwepa. Nao unakuambia neno moja tu: ondoka.

Ukitaka kupita lazima ushuke, uende mpaka maficho ya genge la Team Rocket, upate kifaa cha kuonea mizuka. Ukirudi nacho ndipo unaona ulikuwa unapambana na nani. Ni Marowak, mama. Alikufa akijaribu kulikimbia genge hilohilo. Mtoto wake, Cubone, amebaki yatima. Katika toleo la Yellow la mwaka 1998 tunaambiwa kwamba kofia anayovaa Cubone ni fuvu la mama yake, na akilia, kilio kinavuma humo ndani kinatoka kama wimbo wa huzuni.

Na hata ukishamtambua, mpira bado haumpati. Unapigana naye, roho yake inatulia, inakwenda zake. Katika mchezo ambao kila kitu ni kukamata, hapa ndipo unapoambiwa: huyu hakamatiki. Kinachotakiwa ni umjue ni nani.

Wenzangu wakisema hayo ni mambo ya Wajapani, mimi huwakumbusha Nunda. Hadithi hiyo ilisimuliwa Unguja, na Edward Steere akaichapisha London mwaka 1870. Sultani Majinuni ana paka. Paka anakula mifugo, sultani anasema paka ni wangu na mifugo ni yangu, acheni. Paka anakua, anaanza kula watu, mpaka anakula wana wa sultani mwenyewe. Hapo ndipo baba anakubali kwamba yule si paka tena, ni nunda, mla watu. Mwanawe mdogo kuliko wote anatoka kwenda kumtafuta. Anaua mbwa, anamletea mama: ndiye huyu? Mama anasema siye. Anaua pundamilia, siye. Twiga, siye. Kifaru, siye. Tembo naye siye. Anakwenda hivyo mpaka anampata mwenyewe.

Angalieni vizuri. Mama hamwambii mwanawe kwamba nunda hayupo, wala hamfungii ndani. Kazi yake ni kumsaidia kujua nunda ni yupi. Na msiba wote wa hadithi ile umetokana na sultani aliyeendelea kuliita paka jambo ambalo halikuwa paka tena.

Haya nisingeyaona kama si mpwa wangu.

Dada yangu alifariki mtoto wake akiwa na miaka mitatu, akazikwa kwao na mume wake, upande wa Kasulu. Mtoto akaletwa kwa bibi yake, kwetu. Wakubwa wakakubaliana kumwambia kwamba mama kasafiri, yuko Dar. Ndivyo inavyofanywa katika nyumba nyingi, na inafanywa kwa huruma. Lakini sisi tunakaa karibu na barabara ya Nyakanazi, mabasi yanapita. Dogo akajizoeza kwenda kusimama stendi jioni. Hakuwa msumbufu. Anasimama, anaangalia wanaoshuka, basi likiondoka anarudi nyumbani kula. Amefanya hivyo miaka.

Alipofika miaka minane nikawa namwachia simu. Kiingereza hajui, kwa hiyo ananiita nimsomee. Siku alipofika juu ya mnara nikamsomea yule mama ni nani.

"Mjomba, kumbe ni mama yake?"

"Ndiyo."

"Amekufa?"

"Amekufa."

"Hata ukiwa na mipira mingi harudi?"

"Harudi."

Akanyamaza. Kisha akaweka simu chini, akamfuata bibi yake jikoni, akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: mama yangu naye ni hivyo? Mama yangu mzazi, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akikosa neno, akakaa chini. Halafu akamwambia. Aliongea naye kwa Kiha, polepole, na akataja mwaka, na ugonjwa, na mahali lilipo kaburi. Mtoto alilia usiku ule. Sisi tulilia zaidi yake. Wiki mbili baadaye bibi na mjukuu wakapanda basi kwenda Kasulu, na huko mtoto akang'oa majani kaburini kwa mikono yake.

Stendi haendi tena. Ndani ya mnara ule Cubone wanakamatika, naye kamkamata mmoja, anatembea naye kila aendako. Kampa jina, na jina lenyewe hataki kuniambia.

Sisemi gemu ndiyo dawa. Iliyomponya mtoto, kama amepona, ni bibi yake aliyesema kweli. Lakini mlango wa kuulizia swali aliukuta kwenye hadithi, na wala si hadithi ya watu wazima.

Sasa nageukia waandishi wenzangu. Katika duara letu tunaambizana: unaandikia watoto? Ondoa kifo, ondoa vita. Watoto gani hao? Nyanda hizi za Kigoma zimepokea watu wa Burundi waliokimbia mwaka 1993, na wengine tena 2015. Kambi ya Mtendeli ilikuwa hapahapa wilayani kwetu mpaka ilipofungwa mwaka 2021. Kiha na Kirundi ni ndugu, watoto wanaelewana. Ukimwambia mtoto wa huku kwamba duniani hakuna mazimwi, atakuona wewe ndiye mtoto.

Ila msikimbilie kumwaga giza kama chumvi. Pokémon haituonyeshi Marowak akiuawa. Tunaambiwa kwa maneno machache na mtu wa mjini. Toleo la X na Y la mwaka 2013 lina mfalme AZ, aliyeishi miaka 3,000 iliyopita. Kiumbe wake mpendwa alipelekwa vitani, akarudishwa ndani ya sanduku dogo. Sanduku dogo, basi. Vita vyote tunaviona humo. Mfalme akatengeneza mashine ya kumfufua, akafaulu, kisha kwa hasira akaigeuza mashine hiyo silaha. Kiumbe aliyefufuliwa akamwacha. Hakuna hotuba ndefu, na mchezaji anaachiwa nafasi ya kuendelea na safari.

Riwaya yangu iko kwenye kaunta buku ya pili. Sura ya nne mama wa mhusika mkuu anafariki. Rafiki aliyeisoma kanishauri niandike kwamba kasafiri, eti msomaji mdogo asiogope. Nimemshukuru, na sura nimeiacha kama ilivyo. Nilichobadilisha ni kimoja: mwanzoni mama yule hakuwa na jina. Sasa analo.