Kazi ya Kubana Koki

Maisha yangu ya kazi yamekuwa ya bomba, hapa Kikuyu na mitaa mingine ya Dodoma, na nikiyapima leo naona kilichonishughulisha zaidi kilikuwa kubana. Fundi huitwa aongeze maji. Dawa mara nyingi ni kumpunguzia jirani. Maji ya pampu moja yakigawiwa njia nyingi hukimbilia iliyo fupi na pana. Tena mtiririko ukiongezeka mara mbili, presha inayopotea njiani huwa karibu mara nne. Ndiyo maana nyumba ya karibu iliyoachwa wazi hula presha ya laini nzima, na wa mwisho hufungua koki akasikia hewa. Hubanwa tawi la kwanza, kisha la pili, huku presha ikipimwa mwishoni, kwa kuwa kila unaloligusa huyatikisa mengine. (Geti vali haikutengenezwa kwa kazi hiyo, lango lake hutetemeka na kulika, lakini ndiyo tuliyonayo.) Huko Ulaya, wanakopasha nyumba moto kwa mabomba yaliyolazwa chini ya sakafu, mafundi hubana vivyo hivyo ili chumba cha mbali kisibaki baridi.

Wapo wanaosema iletwe pampu kubwa. Pampu kubwa huongeza maji kwa upendeleo uleule wa awali, na hupasua maungio ya zamani. Isitoshe, maji yenyewe yana kikomo. Mji huu umetegemea zaidi visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, kilometa 30 hivi kaskazini. Kumbukumbu za kina cha maji za miaka 55, zilizochambuliwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, zilionyesha kwamba bonde hilo hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Nino ya 1997/98. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, watu waliongezeka. Bonde ni lilelile.

Hoja ya simtanki ina nguvu zaidi: la jirani likijaa, boya litafunga na maji yatasonga mbele. Ni kweli maji yanapotoka usiku na mchana. Kwenye mgao, saa huisha kabla wa mwisho hajafikiwa.

Anayeuliza nimbanie kwa haki gani ilhali analipa bili, namjibu kwa hesabu. Mita husoma ujazo, haisomi kasi. Kwa lita mbili tu kwa dakika, simtanki la lita 1,000 hujaa kwa saa nane na dakika ishirini, naye amelala.

Wanaonishinda ni wanaofunga pampu ya kuvuta moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Hao huvuruga mizani yote, na presha ikishuka chini ya ile ya nje, uchafu hupenya penye ufa ukaenda kwenye vikombe vya wengine. Mwenye pampu, acha maji yaingie kwanza kwenye tenki lako, kisha vuta kutoka humo.