Dau la Sekunde ya Mwisho

Nimekuwa nikinunua sarafu za zamani kwenye minada ya intaneti tangu miaka ya mwanzo ya 2000, nikiwa hapa hapa Tanga. Kwa muda huo wote nimeona namna ya kuzabuni ikigeuka na kugeuka tena. Mwanzoni ilikuwa kazi ya subira, ikaja ikawa mbio za intaneti yenye kasi, kisha mashine zikawasawazisha wote. Leo anayeshinda kwa bei ya haki ni yule anayeijua sarafu kuliko wenzake na aliyeamua bei yake kabla mnada haujachemka. Nayaandika haya kwa sababu vijana wanaoingia katika ukusanyaji huniuliza kwanza dakika ya kuweka dau, wakati swali lenye faida kwao ni thamani ya sarafu yenyewe.

Mapenzi yangu yako kwenye sarafu za Tabora za mwaka 1916. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepamba moto, manowari za Waingereza zimeizingira pwani, na utawala wa Kijerumani umeishiwa fedha taslimu. Ukaamua kutengeneza sarafu zake huku huku bara, katika karakana ya reli upande wa Tabora. Zikatoka heller 5, heller 20, na rupia 15 ya dhahabu yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Singida. Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora na kazi ikakomea hapo.

Rupia ya tembo ilitengenezwa kama vipande 16,000 tu, na bei yake ni ya matajiri. Mimi nilishika heller 20, ambazo hata mshahara wa kawaida unazimudu. Utamu wake uko kwenye tofauti ndogo ndogo. Taji lililo juu ya herufi D.O.A., kifupi cha Afrika Mashariki ya Kijerumani, huwa kubwa kwenye baadhi ya sarafu na dogo kwenye nyingine. Ukigeuza upande wa pili, kwenye neno HELLER, ncha za herufi L mbili zimechongoka katika aina moja na kujikunja katika nyingine. Kuna za shaba nyekundu na za shaba ya manjano. Ukichanganya taji, ncha na madini unapata orodha ndefu, ambayo ndani yake zimo aina zinazopatikana kila wiki na zinazoonekana kwa nadra sana.

Aliyenifundisha mnada ni mzee mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye kwa miaka mingi alikusanya pice za 1888 za kampuni ya Imperial British East Africa, zile zenye mizani upande mmoja. Enzi zake hapakuwa na intaneti. Alikuwa akipokea katalogi za minada ya London kwa posta, anachagua, kisha anatuma barua yenye namba ya sarafu na bei ya juu kabisa aliyo tayari kulipa. Nilipokwenda kumwamkia mara ya kwanza aliziweka pice mbili mezani. Moja mizani yake ilikuwa imelika mpaka unaitafuta kwa kidole, na nyingine bado ilikuwa na wekundu wake kwenye mikunjo ya herufi. Akaniambia, "Mwanangu, hii nzuri niliwahi kuikosa. Bei ilipita niliyoandika. Miaka ikapita ikarudi mnadani, nikaipata kwa bei yangu." Nikamuuliza kama hakuumia alipoikosa. Akajibu, "Niumie nini? Bei niliiandika mwenyewe."

Barua zile zilibeba kanuni ambayo minada ya intaneti ilikuja kuirithi. Nyumba ya mnada haikumtoza mtu bei yote aliyoandika, bali ilimnunulia kwa kiasi kidogo juu ya mshindani aliyemfuata. Wauza stempu walikuwa wakiendesha minada ya barua kwa kanuni ya namna hiyo tangu miaka ya 1890. Mwaka 1961 mchumi William Vickrey alieleza kwa hesabu kwa nini kanuni hiyo ni nzuri: mshindi akilipa bei ya mtu wa pili, kila mmoja hufaidika kwa kutaja thamani yake ya kweli. Mwaka 1996 alipewa Tuzo ya Nobel. eBay, iliyoanza mwaka 1995 huko Marekani, ilitumia njia inayofanana na hiyo. Unaweka kiwango chako cha juu kwa siri, na mtambo unapandisha dau lako hatua kwa hatua pale tu mwingine anapokusukuma.

Kwa hesabu hiyo, ukitaja bei yako Jumatano au Jumapili ingekuwa mamoja. Tanga ilinionyesha kwamba mambo hayakuwa hivyo. Minada mingi ya Wamarekani ilifungwa Jumapili jioni kwa saa za California, ambapo huku ni Jumatatu alfajiri. Kafe ya intaneti niliyoitegemea ilifunga milango usiku, na mawasiliano yetu yote wakati huo yalipitia setilaiti, ukurasa mmoja ukifunguka kwa kujivuta. Sikuwa na njia ila kuweka dau langu la juu kabla ya kafe kufungwa, kisha nikalale. Asubuhi nilikuta mojawapo ya mambo mawili: nimepitwa kwa dola moja au mbili, au nimeshinda kwa bei inayokaribia kabisa kiwango changu.

Kilichotokea usiku kilikuwa wazi ukisoma orodha ya madau. Mtu aliongeza dola mbili, akaona bado amezidiwa, akaongeza mbili nyingine, na nyingine. Hakuwa ameamua thamani ya sarafu. Alikuwa anapapasa kutafuta nilipofikia. Wachumi Alvin Roth na Axel Ockenfels walilichunguza jambo hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002. Walilinganisha eBay, ambako mnada ulifungwa kwa saa maalumu, na minada ya Amazon ya wakati huo, ambako dau la dakika za mwisho liliongeza muda wa mnada. Kwenye eBay watu walirundikana mwishoni zaidi, hasa kwenye vitu vya kale kuliko kompyuta. Sababu moja ni hao wanaopapasa: ukiwaachia sekunde chache hawana muda wa kuongeza. Nyingine ni ujuzi. Mtaalamu anapoweka dau mapema, wasiojua husoma dau lake kama cheti kwamba kitu ni halisi na kina thamani, wakamfuata.

Sababu hiyo ya pili niliiona kwa macho yangu kwenye heller za Tabora. Miaka ile majina ya wazabuni yalionekana wazi, na sisi tuliokusanya sarafu za Afrika Mashariki tulijuana kwa majina hayo. Muuzaji aliweka picha yenye kivuli na kuandika "heller 20, 1916", basi. Anayejua aliitazama ncha ya L, akagundua ni aina ya nadra. Akiweka dau Jumatano, kufikia Ijumaa wengine wamekwishafungua picha ile ile na kuikuza. Akikaa kimya mpaka mwisho, ujuzi wake ulibaki wake. Hata mimi, kwa kungoja mpaka kafe inakaribia kufungwa, nilipata heller yenye taji dogo niliyokuwa nikiitafuta kwa muda mrefu, kwa bei ya sarafu ya kawaida.

Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na Mombasa, na intaneti ikafika sebuleni. Hapo nami nikaingia kwenye uviziaji. Niliamka alfajiri, nikafungua kompyuta, nikaangalia saa ya mnada na kutuma dau sekunde chache kabla ya kufungwa. Nikajifunza pia kuandika tarakimu zisizo za mviringo. Watu wengi huandika dola 50, 60 au 100 kamili. Kwenye eBay, kati ya dola 25 na 100, hatua ya nyongeza imekuwa dola 1. Mwenzako akiwa ameweka 60 nawe ukaweka 61.27, unashinda kwa 61. Akiwa ameweka 61, bado unashinda kwa 61.27. Mkilingana sawasawa, aliyetangulia ndiye mshindi, kwa hiyo mviziaji anayeandika tarakimu kamili amejinyima nafasi mwenyewe.

Enzi hiyo haikudumu. Zilikuwapo programu zinazotuma dau kwa niaba yako sekunde za mwisho, na wakusanyaji wengi wakazizoea. Majina ya wazabuni yakafichwa kwa nyota, ukabaki kuona herufi mbili tu. Kila mtu alipokuwa na mviziaji wake wa mashine, sekunde ya mwisho haikumpa yeyote faida ya pekee. Kilichoamua mshindi kikarudi kuwa kile kiwango alichokiandika mtu kabla ya kulala, sawa na barua za yule mzee.

Sambamba na hilo, nyumba za mnada za Ulaya na Marekani zilifungua milango yake mtandaoni, na huko kanuni ni nyingine. Mnada wa moja kwa moja haufungwi na saa; msimamizi anasubiri mpaka wote wanyamaze. Minada mingine ya mtandaoni huongeza muda kila dau jipya linapoingia mwishoni. Kuvizia huko hakuna maana. Isitoshe, kuna ada ya mnunuzi, ambayo mara nyingi ni asilimia 20 au zaidi juu ya bei ya nyundo. Kama uwezo wangu wa mwisho kwa sarafu ni euro 200 na ada ni asilimia 25, dau langu la juu ni euro 160, na hapo sijatoa usafirishaji wala ushuru. Hesabu hiyo naifanya mezani mapema. Ukiifanya huku bei inapanda kwenye skrini, utaiona ada ndogo kuliko ilivyo.

Jambo lililobadilika kwa faida yetu zaidi ni kumbukumbu za bei. Zamani tulitegemea katalogi nene ambayo bei zake zilikuwa makadirio. Sasa unaweza kufungua mauzo ya miaka mingi ya sarafu moja, pamoja na picha na bei iliyolipwa. Kumbukumbu hizo zinakuambia thamani, na pia mara ngapi sarafu hiyo hutokea. Chukua senti 10 ya Afrika Mashariki ya 1936 yenye jina la Edward VIII. Mfalme huyo alijiuzulu Desemba mwaka huo huo, na sarafu zenye tundu, ambazo hazikuhitaji sura yake, ni kati ya chache zilizotoka kwa jina lake. Wauzaji huiita nadra, lakini zilitengenezwa nyingi na hazikosekani sokoni. Kwa sarafu kama hiyo weka dau dogo, ukizidiwa ngoja inayofuata. Senti 20 za Zanzibar za 1908, za Sultani Ali bin Hamud, ni habari nyingine. Hizo zikitokea katika hali nzuri, weka kiwango chako chote bila kubana, maana hujui lini utaiona nyingine.

Tahadhari nazo zimebadilika. Nakala za kughushi za rupia mbili za Kijerumani za 1893 na 1894 zimeenea, na picha nzuri haikuhakikishii kitu. Nunua mizani ndogo ya sonara na kioo cha kukuza, ujue uzito wa sarafu unayoitaka kabla ya kuitolea dau. Rupia ya tembo, kwa mfano, ina gramu 7.168. Mtazame pia anayepambana nawe. Ukiona mzabuni yule yule karibu siku zote yuko kwenye mali ya muuzaji mmoja, anapandisha na hanunui, shuku kwamba ni mtu wa muuzaji, ujiondoe.

Zipo pia sarafu ambazo dau lake linalostahili ni kutozabuni kabisa. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zikifukuliwa ardhini na kuuzwa gizani, tunapoteza habari ya mahali zilipolala na vitu vilivyokuwa pamoja nazo, na habari hiyo hairudishwi na bei yoyote. Ukiona sarafu ya Kilwa mnadani na muuzaji hawezi kueleza ilikotoka, iache.

Kwa kijana anayeanza leo, ushauri wangu ni huu. Chagua eneo moja dogo ulijue mpaka ncha za herufi. Soma bei za mauzo yaliyopita, toa ada na usafirishaji, kisha andika kiwango chako kwenye karatasi. Kiweke mara moja tu, kwa kuchelewa pale mnada unapofungwa kwa saa, na wakati wowote pale unapoongezwa muda. Usikiguse tena. Atakayekuzidi baada ya hapo mwachie kwa moyo mweupe, kwa sababu amelipa zaidi ya vile unavyoithamini wewe.