Kuuliza si Ujinga

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Msemo huu nimeusikia tangu darasa la kwanza, lakini maana yake niliipata juzijuzi tu, tena kwa aibu. Mpenzi msomaji, tega sikio nikusimulie.

Nyumbani kwetu si mbali na soko la Ishiara. Jioni nikitoka shule nachota maji, namaliza kazi ya ziada, kisha naketi na nyanya kutazama runinga. Nyanya hajui Kiingereza, lakini kipindi alichokipenda kuliko vyote ni cha Kiingereza: Jeff Koinange Live. Basi mimi ndimi mkalimani wake. Mgeni akisema sentensi kumi, namfupishia kwa mbili. Nyanya akishuku ananiuliza, "Na lile swali amelijibu?" Mara nyingi nasema, "Bado, nyanya."

Kipindi hicho kimetoka mbali. Nyanya anakumbuka enzi ambapo Kenya nzima ilikuwa na kituo kimoja tu cha televisheni, kile cha serikali kilichoanza mwaka wa 1962. Siku hizo wakubwa walisomewa sifa zao kwenye habari. Nani angethubutu kuwauliza maswali? Mwaka wa 1990 KTN ikaanza, kituo cha kwanza cha watu binafsi, na mlango ukafunguka kidogo. Jeff Koinange, aliyekuwa mwanahabari wa CNN barani Afrika, aliporudi nyumbani alianza kuwahoji viongozi katika K24, kipindi kikiitwa Capital Talk. Baadaye alihamia KTN, na hapo jina Jeff Koinange Live likavuma. Novemba 2016 KTN ilikisimamisha baada ya wageni kurushiana maneno makali hewani. Wengi walidhani ndio mwisho wake. Lo! Mwaka wa 2017 kikafufuka katika Citizen, pamoja na ule mshangao wake wa "Oh my!" ambao hata watoto wa hapa kwetu huuiga. Kasoro hazikosi. Nyanya hulalamika kuwa vicheko vinazidi majibu.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Tarehe 27 Novemba 2025 palikuwa na uchaguzi mdogo wa ubunge hapa Mbeere Kaskazini. Wiki za kampeni zilitukuta likizoni. Magari yenye vipaza sauti yalijaa sokoni, vumbi likatimka, yaani hata wauza ndengu waliacha mizani wakaenda kusikiliza. Mpiga debe mmoja, ambaye jina simtaji, alisimama karibu nami akiongea na watu. Nikajikaza, moyo ukidunda kama ngoma, nikamwuliza, "Mzee, mfereji wetu umekauka tangu nikiwa darasa la sita. Maji yatarudi lini?"

Alicheka. Akasema, "Huyu msichana atakuwa wakili!" Watu wakapiga makofi. Kisha akanitia mkononi noti ya shilingi 200, akageukia wengine.

Nami nikaipokea. Nilitembea kichwa juu kama aliyeshinda tuzo. Nikanunua sukari na daftari, nikafika nyumbani mbio kumhadithia nyanya. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza swali lile lile la kila usiku, "Na lile swali alilijibu?"

Nilikosa la kusema. Jioni hiyo nyanya alikunywa chai yake bila sukari.

Tangu siku hiyo nimejua kuwa kuuliza mara moja ni nusu ya kazi. Kazi yenyewe iko kwenye mara ya pili na ya tatu, mtu anapokuchekea, anapokusifu, au anapokutia kitu mkononi. Ndiyo maana naomba Chama chetu cha Kiswahili kiandae mahojiano kila muhula, kwa Kiswahili, tuwaalike viongozi wa hapa nyumbani na tuwaalike nyanya zetu pia. Wasihitaji mkalimani.

Agosti 2027 nitakuwa na miaka kumi na saba, kwa hivyo kura sitapiga. Lakini mdomo hauhitaji kitambulisho. Yule bwana akirudi sokoni atanikuta pale pale, na swali langu ni lile lile.