Kopo la Shangazi na Zidaka za Lamu



Likizo iliyopita tulisafiri na mjukuu wetu kwenda Lamu kumzuru shangazi. Basi lilitufikisha Mokowe alasiri, tukavuka kwa boti, na adhana ya Magharibi ikatukuta tukipanda kichochoro cha nyumba yake. Ni nyumba ya kale ya matumbawe na chokaa, na katika chumba cha ndani kabisa umesalia ukuta wa zidaka, safu juu ya safu, ambamo wazee waliweka sahani na mabakuli ya Kichina. Siku hizi zidaka za shangazi zina chupa za dawa na chaja ya simu.

Usiku wa pili, baada ya Isha, alitutolea kopo la biskuti lililojaa sarafu.

"Sonara amelijia mara mbili," alisema. "Mimi bangili zangu zanitosha. Chukua wewe, mwanangu. Lakini ukizitia kwenye kopo jingine zikalala gizani, sikupi radhi yangu."

Aliyelelewa na wazee anajua uzito wa neno hilo.

Tukazimwaga juu ya mkeka. Zilikuwa nyingi, na nyingi zilikuwa za namna moja. Hapo tukamfunza mjukuu kukusanya kwa aina: huifukuzii sarafu ya kila mwaka, kazi ambayo haina mwisho na hufilisi, bali unachukua moja tu ya kila aina, iliyo nzima zaidi, ambayo maandishi yake yasomeka. Zilizobaki huna haja nazo. Kwa njia hii hata mama mwenye kipato kidogo aweza kuanza na zilizomo ndani ya mkoba wake. Shilingi ya twiga, tano ya kifaru, kumi ya simba na ishirini ya ndovu, zote zilizotolewa 2018, ni aina nne tayari.

Ya kwanza kuwekwa kando ilikuwa riale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Imeandikwa 1780, mwaka aliofariki, na iliendelea kupigwa na tarehe hiyo hiyo muda mrefu baada yake, kwani wafanyabiashara wa Bahari ya Sham na wa pwani zetu walikwisha kuizoea. Shangazi alikuwa nazo nne. Tuseme hapa kwa faida ya wenye nyingi: riale moja ina gramu 28 hivi, na fedha safi iliyomo ni kama gramu 23. Kwa hivyo riale 26 peke yake zafikia nisabu ya fedha, ambayo wengi huihesabu gramu 595. Zikipitiwa na mwaka zina zaka, hata zikiwa zimepambwa nyuma ya kioo.

Ikafuata pesa ya shaba ya Sayyid Barghash wa Unguja, ya 1299 Hijria, yenye mizani. Kando yake pesa ya 1888 ya kampuni ya Waingereza, yenye jina la Mombasa, nayo pia ina mizani. Mjukuu akauliza mbona zafanana. Tunadhani wageni waliiga alama ambayo watu wa sokoni walikwisha kuiamini. Kisha zikaja senti za tundu, na miongoni mwake senti kumi ya 1936 yenye jina la Edward wa Nane, mfalme aliyetawala chini ya mwaka mmoja. Huko kwao Uingereza sarafu zake hazikutolewa kutumiwa na watu, na hapa kwetu zilinunuliwa mihogo.

Kuna atakayeuliza kuhusu sura za wafalme. Masahaba walinunua na kuuza kwa dinari za Warumi na dirhamu za Waajemi zenye sura, mpaka Abdul Malik bin Marwan alipopiga dinari ya maandishi matupu mwaka 77 Hijria.

Chini kabisa ya kopo palikuwa na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake, sarafu ndogo ya shaba, si kubwa kuliko ukucha wa kidole gumba, yenye herufi za Kiarabu zilizofifia. Ilifanana na zile za Sultani Ali bin al-Hasan wa Kilwa, ambazo sentensi huanza upande mmoja ikamalizikia upande wa pili kwa vina. Shangazi alisema marehemu mumewe aliiokota kwenye magofu, upande wa Pate.

Hatufichi kwamba tuliitamani. Usiku ule usingizi haukuja. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 yataka kitu cha kale kilichookotwa kiripotiwe. Na mlango wa luqata, yaani kilichookotwa, tumeufundisha miaka mingi madrasani. Asubuhi tukaipeleka makumbusho, pale ukingoni mwa bahari, tukapewa stakabadhi. Shangazi aliposikia alinyamaza kitambo, kisha akasema tumsomee hiyo karatasi. Tulimsomea mara mbili.

Tuliporudi Mombasa fundi seremala alitutengenezea sinia la mbao lenye mashimo 14 na kifuniko cha kioo. Msizisugue, mama zetu. Ujanani tulisugua pesa moja kwa ndimu na majivu mpaka ikang'aa, na maandishi yakaondoka na uchafu. Zishikwe kwa ukingo, zisiguswe uso. Msizitie kwenye vifuko laini vya plastiki. Baada ya muda shaba hufanya ukijani na kunata, na hewa yetu ya chumvi huzidisha. Chini ya kila sarafu weka kadi: ni ya nani, mwaka gani, ilitoka kwa nani. Hilo la tatu ndilo watu husahau, na hakuna kitabu kitakachowaambia.

Mjukuu aliandika kadi zote kwa mkono wake, na sinia likawekwa sebuleni. Tulimpelekea shangazi picha kwa simu. Akauliza shimo la mwisho mbona tupu. Si tupu, tukamwambia, mna kadi, imeandikwa "Iko Lamu."