Programu Huria na Duara la Dhahabu

Buseresere imo katika ukanda wa dhahabu wa Geita, ambamo duara la wachimbaji wadogo si la mtu mmoja: mwenye duara, mfadhili wa chakula na wachimbaji hugawana mifuko ya mawe. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Istilahi zilipatikana, watu ndio kazi ngumu zaidi. Mwalimu achapaye mtihani akikuta istilahi isiyoeleweka, naye hajui pa kuipeleka, hubaki mtumiaji tu. Sahihisho lake likipokelewa kwa jina lake, amekuwa mchimbaji. Programu isiyogawa mifuko hukimbiwa kama duara lililofurika maji.