Mwendo wa Mama: Siku Tatu za Usafiri Ndani ya Walt Disney World

Mama yangu alipokiona kivuko kikisogea gatini, aligeuka kwenye kiti chake cha magurudumu akaniuliza, "Mwanangu, Pangani imefuata watu hadi huku?" Wajukuu wake watatu, waliozaliwa Marekani na hawajawahi kuvuka kutoka Pangani kwenda Bweni, hawakuelewa kilichotuchekesha mimi na dada yangu. Tulikuwa katika jimbo la Florida, nje ya mji wa Orlando, asubuhi ya mwezi wa Desemba.

Nilimsindikiza mama kutoka Tanga kwenda kumtembelea dada yangu anayeishi Orlando. Tulinuia kukaa huko wiki tatu. Wajukuu walikuwa wamekwisha kumwahidi bibi yao kwamba watampeleka Walt Disney World, nami kwa kweli nilisitasita. Mama ana miaka sabini na kitu, na magoti yake hayamruhusu kutembea mwendo wa kutoka nyumbani hadi sokoni. Niliyemdhania kuwa mzigo wa safari ndiye aliyetufundisha namna ya kusafiri, na kwa ajili hiyo ninaandika makala haya. Wapo ndugu zetu wengi wanaoishi Marekani au wanaopeleka wazazi huko, na huenda yakawafaa.

Kwanza msomaji aujue ukubwa wa mahali penyewe. Eneo lote lina takriban kilomita za mraba 100, na ndani yake zimo bustani nne kubwa za burudani: Magic Kingdom, iliyofunguliwa Oktoba 1971, Epcot, ya mwaka 1982, Hollywood Studios, ya mwaka 1989, na Animal Kingdom, ya mwaka 1998. Katikati yake kuna hoteli nyingi, maziwa, misitu na barabara kuu. Walt Disney mwenyewe hakuwahi kuiona ikifunguliwa, kwani alifariki mwaka 1966. Ni kaka yake, Roy, aliyeikamilisha kazi hiyo, naye akafariki mwezi Desemba mwaka ule ule wa ufunguzi. Kutoka bustani moja hadi nyingine ni safari kamili. Anayekwenda huko akidhani anaingia uwanja mmoja wa bembea atachoka kabla hajaona kitu.

Ndiyo maana usafiri wa ndani ni jambo la kulipangia. Yapo mabasi yanayounganisha hoteli na bustani zote. Ipo treni inayopita juu ya reli moja ya zege, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1971. Vipo vivuko na boti ndogo. Vipo vibanda vinavyoning'inia kwenye waya juu ya miti, vilivyoanza kazi Septemba 2019. Na zipo njia za miguu. Vyote hivyo havilipiwi nauli.

Jambo la pili lilikuwa Swala. Baadhi ya jamaa walitwambia, "Nyinyi wasafiri, kusanyeni na kupunguza, mcheze kwa raha." Lakini katika madhehebu ya Imamu Shafii, tunayoyafuata wengi wetu wa Pwani, aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, ukiacha ya kuingia na ya kutoka, amekoma kuwa msafiri. Sisi tulikwisha nuia wiki tatu nyumbani kwa dada, na kutoka kwake hadi Disney ni kama nusu saa kwa gari, mwendo usiokaribia marhala mbili. Ruhusa ile haikuwa yetu. Kila Swala ilitakiwa wakati wake, na Desemba jua la Florida huzama mapema, kiasi cha saa kumi na moja na nusu jioni.

Siku ya kwanza tulikwenda Magic Kingdom. Mwenye gari hafiki mlangoni pa bustani hiyo. Huegesha ng'ambo ya ziwa, akapanda kigari kirefu cha wazi kinachozunguka maegesho, akapita kwenye ukaguzi wa usalama, ndipo achague: treni ya reli moja au kivuko. Ziwa lenyewe lilichimbwa na watu, na udongo wake ukatumika kuinua ardhi ambayo bustani imejengwa juu yake. Mama alichagua kivuko. Kiti chake kiliingia bila kuinuliwa, na kigari cha mtoto mdogo kikaingia bila kukunjwa, jambo ambalo kwenye basi haliwezekani. Chombo kile huchukua watu wapatao 600, na kimojawapo kimepewa jina la Joe Fowler, admeri mstaafu aliyesimamia ujenzi. Tulivuka kwa dakika chache, upepo ukimpiga mama usoni, naye akisoma nyiradi zake kimya kimya.

Mchana ulikwenda vizuri. Adhuhuri na Alasiri tuliziswali kwa zamu kando ya njia isiyopitwa na watu wengi, tukiwa tumetandika kitambaa chepesi. Nilimfundisha mpwa wangu kuitafuta kibla: Tanga twaelekea karibu kaskazini moja kwa moja, na Florida twaelekea kaskazini-mashariki. Kiasi cha saa kumi na nusu mama akasema, "Twende zetu sasa. Magharibi haitusubiri." Nami, mtu niliyesomea dini, mwenye kubandika ratiba ya Swala msikitini kila mwezi, nikajibu, "Bado mapema, mama. Watoto waingie mchezo mmoja wa mwisho."

Tulitoka lango la bustani saa kumi na moja na dakika kumi. Mama akaelekeza kidole kivukoni: "Turudi kwa tulichojia." Nikaona treni itakuwa ya haraka zaidi. Basi nikatangulia na kiti chake bila kusoma vibao vizuri. Kumbe milango ya treni ni miwili: mmoja wa treni iendayo moja kwa moja kwenye maegesho, na mwingine wa treni inayosimama kwenye hoteli zilizozunguka ziwa. Mimi niliwaingiza watu sita katika mlango wa pili. Tulisimama kwenye foleni, na tulipokwisha kupanda tu, simu ya dada ikaadhini mfukoni mwake.

Mama hakunilaumu. Alitazama dirishani, mbingu ikiwa nyekundu juu ya maji, akanyamaza. Wasomaji wenye wazazi wanaujua uzito wa ukimya wa namna hiyo. Magharibi ndiyo Swala ambayo tangu utoto wetu hatukuwahi kumwona akiichelewesha, hata siku ya msiba wa baba. Sikuiogopa adhabu ya mtu. Niliona haya kwamba mimi ndiye niliyemfikisha hapo, tena nikiwa nimeonywa. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu halikuvunjika, lakini moyo ulichubuka.

Treni ikaingia ndani ya hoteli iitwayo Contemporary. Ni ndani hasa, kwa kuwa reli hupita katikati ya jengo. Milango ilipofunguka, mama akasema neno moja: "Tuteremke."

Tukateremka. Nyuma ya hoteli kulikuwa na majani mabichi karibu na ziwa lingine, pametulia, taa zikianza kuwaka ng'ambo. Mama alikuwa na udhu wake tangu Alasiri. Mimi nilikimbia kutawadha. Yeye aliswali juu ya kiti, sisi chini nyuma yangu na ubavuni, na mtoto wa miaka minne akitambaa mbele ya safu. Tulipotoa salamu, wekundu wa mbingu ulikuwa bado haujafutika. Alhamdulillahi, tuliiwahi. Kisha tukapanda treni ile ile, na maegesho yakawa kituo kimoja tu mbele. Njia niliyoikosea ndiyo iliyotupatia mahali pa kuswalia, lakini sikuichukua kuwa hoja ya kujitetea.

Usiku ule nilimwambia mama, "Kuanzia kesho, wewe ndiye kiongozi." Akacheka, lakini aliikubali kazi hiyo.

Siku ya pili ilikuwa Animal Kingdom. Huko treni haifiki, wala boti, wala vibanda vya waya. Ni basi au gari tu. Mama akaamuru tuondoke mara baada ya Swala ya Alfajiri na kifungua kinywa, ili tuwe na nguvu asubuhi na turudi nyumbani kabla ya jua kuzama. Ndani ya bustani hiyo upo mji wa kubuni uitwao Harambe, uliojengwa kwa mfano wa miji ya pwani yetu, na waliousanifu walichukua mengi kutoka Lamu. Kuta zimetiwa rangi iliyochujuka mithili ya chokaa iliyopigwa na chumvi ya bahari, na maneno ya Kiswahili yameandikwa kwenye vibao. Wajukuu, ambao nyumbani hujibu Kiingereza wanaposemeshwa Kiswahili, walianza kumsomea bibi yao vibao kimoja baada ya kingine, wakimuuliza maana. Dada yangu alinong'ona kwamba hajawahi kuwaona wakifanya hivyo.

Kutoka hapo tulipanda lori la wazi la safari ya wanyama iitwayo Kilimanjaro Safaris, tukapita kati ya twiga, tembo na vifaru walio hai. Dereva alitusalimia "Jambo!" Mama akamjibu kwa adabu zote za Kitanga, akamuuliza hali yake, ya nyumbani kwake na ya wazazi wake. Kijana yule akabaki akitabasamu, maana Kiswahili chake kilikuwa kimeishia kwenye salamu ile moja.

Tuliposhuka, Adhuhuri ilikuwa imeingia. Mama akatazama kuta zile na majumba yale kwa muda, kisha akasema, "Mji wa Pwani, na adhuhuri hii, mbona hawaadhini?" Mjukuu wake mkubwa, wa miaka kumi na miwili, akasimama kando ya ukuta, akaadhini kwa sauti ya chini, ya kutusikia sisi tu. Tukaswali hapo. Katika yote tuliyoyaona Florida, hilo ndilo nitakalolikumbuka zaidi.

Siku ya tatu hatukununua tiketi. Tiketi ya siku moja kwa mtu mzima hupita dola 100, na kwa watu sita mara mbili tulikuwa tumekwisha kutumia vya kutosha. Israfu si sifa ya muumini. Lakini vyombo vya usafiri vilivyo nje ya malango haviulizi tiketi ya bustani. Tukalipia maegesho ya Hollywood Studios, tukapanda vibanda vya waya vinavyoanzia nje ya lango. Kibanda kimoja huchukua hadi watu kumi, nasi sote tulitosha. Mwenye kiti cha magurudumu hupandia upande wa pekee ambako kibanda husimama kabisa, asije akakimbizana nacho. Havina kiyoyozi, upepo wenyewe ndio unaopoza, na radi ikitishia husimamishwa; kwa hiyo anayekwenda miezi ya joto na mvua aliweke hilo akilini. Tulibadilisha kwenye kituo kikuu, tukaelea juu ya miti na maji hadi mlango wa nyuma wa Epcot, na tukarudi kwa boti ndogo ipitayo mferejini hadi pale tulipoanzia. Nusu siku ya furaha, kwa gharama ya maegesho na chai. Jioni tulipowauliza watoto ni siku ipi iliyowapendeza zaidi, wawili kati ya watatu walitaja hiyo ya tatu.

Kwa familia zinazokusudia safari kama hii, nina machache ya kuwaachia. Andikeni nyakati za Swala za siku hiyo kabla ya kuandika michezo, na safari zote zizunguke nyakati hizo. Hesabuni muda wa kutoka, kwa sababu foleni ya kurudi jioni ni ndefu kuliko ya kwenda asubuhi. Mwenye mzee au mtoto wa kigari achague kivuko au treni panapowezekana kabla ya basi. Someni kibao kabla ya kuingia foleni, msifanye nilivyofanya mimi. Wekeni udhu mapema, na chukueni kitambaa chepesi cha kuswalia. Na mkubwa wa msafara awe yule ambaye miguu yake ni mizito kuliko ya wote.

Hili la mwisho si geni kwetu. Mtume (SAW) alimwagiza anayewaswalisha watu akhafifishe, kwa kuwa nyuma yake wamo wadhaifu, wazee na wenye haja zao. Kila Ijumaa huwakumbusha maimamu wetu jambo hilo kwa niaba ya kamati ya msikiti. Ilinibidi nivuke bahari nipotee kwenye treni ya reli moja, ndipo nitambue kwamba agizo lile linamhusu pia anayesukuma kiti cha mama yake.

Tuliporudi Tanga, majirani walikuja kumpokea mama, wakamuuliza ameona nini Marekani. Hakutaja majumba wala michezo. Aliwaambia kwamba kule nako kuna kivuko, kwamba mjukuu wake anajua kuadhini, na kwamba Magharibi moja ilitaka kumpita lakini haikumpita. Kisha akanitazama kwa jicho la pembeni, nami nikainuka kwenda kuongeza chai.

Wabillahi tawfiq.