Tununue Wapi: Kijijini au Mjini?

Fedha ya nyumbani hutoka kidogo kidogo. Leo chumvi, kesho sabuni, keshokutwa kiberiti. Hakuna siku unayoiona ikitoka nyingi, na kwa sababu hiyo watu wengi hawaihesabu. Sasa wewe unajua kusoma na kuhesabu. Chukua kalamu, tuhesabu pamoja.

Hapa Mpuguso tunayo maduka madogo. Tukuyu si mbali, na huko yako maduka ya jumla. Mwenye haja kubwa zaidi hupanda gari mpaka Mbeya, mwendo wa kilomita 70 hivi kutoka Tukuyu. Watu wakirudi kutoka huko husema, "Mjini vitu ni rahisi. Hawa wa kijijini wanatunyonya." Je, ni kweli? Mimi nasema ni kweli mara moja moja tu.

Tutumie namba za mfano. Tuseme kilo moja ya sukari kijijini ni shilingi 3,200, na mjini ni shilingi 2,900. Tofauti ni shilingi 300. Tuseme tena nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 2,000. Ukinunua kilo 2 mjini, umeokoa shilingi 600. Lakini umelipa nauli 2,000. Basi umepoteza shilingi 1,400, na siku nzima ya shamba imekwenda. Ukinunua kilo 10, umeokoa shilingi 3,000. Toa nauli, zinabaki 1,000. Je, kama nyumba tatu zikichanga fedha na kumtuma mtu mmoja akanunue kilo 15? Hesabu mwenyewe. Utaona zinabaki shilingi 2,500. Nyumbani kwetu tunafanya hivyo na majirani wawili kwa sukari, sabuni na chumvi. Anayekwenda huandika bei ya kila kitu kwenye karatasi, na wote tunaisoma.

Mwenye duka wa kijijini naye alinunua mzigo wake mjini. Alilipa nauli, alilipa gari au pikipiki ya kubebea. Wilaya yetu ya Rungwe ina mvua nyingi sana, na sukari ikilowa ni hasara yake. Ile shilingi 300 si faida tupu.

Lakini angalia vipimo vidogo. Hapo ndipo fedha yetu inapopotea bila kelele. Ukinunua mafuta ya kula ya shilingi 500, na kipimo hicho huingia mara 10 katika lita moja, basi lita umeinunua kwa shilingi 5,000. Kama lita nzima katika duka lile lile ni shilingi 4,500, umelipa 500 zaidi. Hukuhitaji kwenda Mbeya kuziokoa. Ulihitaji kuweka akiba mpaka zitimie za lita.

Wazee wa hapa wanakumbuka mambo mengine. Mwaka 1976 ilikuwapo Operesheni Maduka. Serikali ilitaka maduka ya vijiji na ya ushirika yachukue nafasi ya maduka ya watu binafsi. Mahali pengi maduka yalifungwa kabla mengine hayajawa tayari, na bidhaa zikakosekana. Zoezi likasimamishwa. Kisha ikaja vita ya Uganda ya 1978 na 1979, na miaka ya foleni za sukari na sabuni. Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa kutoka nje, na vitu vikaanza kuonekana tena. Kwa hiyo nikisikia mtu akisema duka fulani dogo lifungwe kwa kuwa ni ghali, mimi huuliza: likifungwa, nani atatuletea chumvi wakati wa mvua?

Usidhani pia kwamba duka kubwa halifi. Shoprite ya Afrika Kusini iliuza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014. Uchumi, nayo ya Kenya, ilifunga maduka yake hapa nchini mwaka 2015. Nakumatt ililemewa na madeni, na mwaka 2020 wadai wake wakaamua ifungwe kabisa. Rafu zilikuwa ndefu na taa zilikuwa nyingi, lakini waliowauzia bidhaa walikuwa wakidai.

Na hapo nafika kwenye deni letu sisi. Duka la mjini halikujui. Mtoto akiugua usiku na nyumbani hakuna sukari ya uji, hugongi mlango wa duka la Mbeya. Unagonga wa jirani. Atakupa, nawe utalipa ukipata fedha za majani ya chai au za maziwa. Msaada huu ni mkubwa, nami sitaki upotee. Lakini deni huandikwa kwenye daftari, na daftari ni lake. Zamani mtu aliambiwa tu, "Mama, deni lako limefika elfu kumi na nane," akainama, akalipa. Alikuwa hana la kusema.

Wewe unalo. Nunua daftari dogo. Kila ukikopa, andika tarehe, kitu, kipimo na bei, pale pale dukani. Kisha mwambie kwa heshima, "Baba, naomba tulinganishe." Muuzaji mwema hakasiriki, maana naye husahau. Mkipishana, tafuteni mstari unaopishana kabla deni halijakua. Ukilipa, mwambie aandike umelipa kiasi gani, nawe uandike. Usiondoke mpaka umeusoma mstari huo katika madaftari yote mawili.